Kanda za Lambwe ni Amana, si Kitu cha Kuokota

Biashara ya sauti za zamani imeshamiri. Katika Uingereza na Marekani makampuni ya santuri yamegundua kwamba mali iliyolala ghalani, yaani kanda ambazo hazikupata kutolewa, ina wanunuzi wengi kuliko nyimbo nyingi mpya. Bob Dylan aliimba na wenziwe katika nyumba ya mashambani mwaka 1967, mtambo ukinasa. Mwaka 2014 nyimbo zile zikatolewa kamili katika CD 6. Beatles waliimba katika studio za redio ya BBC tangu 1962 hadi 1965. BBC yenyewe haikuhifadhi kanda nyingi, na santuri ya nyimbo hizo ilipotolewa mwaka 1994, baadhi ya sauti zilibidi zitafutwe kwa wasikilizaji waliokuwa wamezinasa majumbani mwao.

Msomaji wangu wa Lamu, Malindi au Mombasa huenda akauliza: haya ya mabwana wa rock yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Kwani kama shirika kubwa kama lile la London lilipoteza sauti zake, likaokolewa na mtu aliyekaa sebuleni na redio yake, basi na tujiulize sisi: nani amekaa na sauti zetu? Naye akija mwenye fedha kuzitaka, ni nani atakayelipwa?

Swali hili nilikutana nalo mbali na bahari, katika bonde la Lambwe.

Bonde la mbung'o na magitaa

Lambwe iko Nyanza ya Kusini, katika nchi inayogawanywa leo baina ya kaunti za Homa Bay na Migori. Upande mmoja vilima vya Gwassi, upande wa pili mwinuko wa Kanyamwa, na kati yake mbuga ya Ruma, ambako ndiko Kenya nzima ilikobakiwa na korongo, yule mnyama mwenye pembe zilizopinda nyuma. Watu wa huko waliteswa miaka mingi na mbung'o, na maradhi ya malale yaliwahamisha wengi. Hata hivyo wale waliobaki walilima, walifuga, na jioni walipiga ngoma.

Tena si wageni kwetu kama tunavyodhani. Kendu Bay, mji wa bandari ya ziwa katika kaunti hiyo hiyo ya Homa Bay, una Waislamu wake wa tangu zamani na misikiti yake, na jina la mtu kule laweza kuwa Omondi na la baba yake Abdalla. Lugha hii tunayoandikiana ilifika huko kitambo.

Muziki wa nchi ile ni benga. Asili yake ni nyatiti, kinanda cha Wajaluo chenye nyuzi 8, ambacho mpigaji hukaa chini akakidonoa kwa vidole huku akigonga ubavu wa kinanda kwa pete ya chuma aliyoivaa kwenye kidole cha mguu. Vijana wa miaka ya 1960 waliyachukua madonoo yale ya nyatiti wakayatia katika gitaa la umeme. Gitaa likajibizana na mwimbaji, na mwisho wa wimbo likaachiwa lende mbio peke yake, wachezaji wakitoka jasho.

Bingwa wao aliyejulikana mno ni Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa mwaka 1940 huko Shirati, upande wa Tanzania, mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Migori. Bendi yake akaiita Shirati Jazz. Aliimba kwa Kijaluo na kwa Kiswahili, akawasema wakubwa kwa mafumbo, na zaidi ya mara moja alitiwa ndani kwa ajili ya mafumbo hayo. Alifariki kwa ajali ya barabarani Kisumu mwezi Mei 2006.

Santuri zao zilisafiri kuliko wao wenyewe. Mfanyabiashara Phares Oluoch Kanindo alizipeleka mpaka kusini mwa Afrika, na huko Zimbabwe watu wakauita muziki huo kwa jina lake, Kanindo. Moja ya chapa za santuri zake iliitwa Sungura, na hadi leo Wazimbabwe wana aina ya muziki wao wenyewe iitwayo sungura. Neno la hadithi zetu za watoto limekuwa jina la muziki wa taifa jingine! Na aliyelitamka kwanza katika gitaa ni mkulima wa Nyanza.

Kile ambacho santuri haikukichukua

Santuri ya siku zile, ile ndogo ya inchi 7 inayozunguka mara 45 kwa dakika, ilichukua dakika tatu hadi nne upande mmoja. Kwa hiyo wimbo wa benga ulikatwa vipande viwili. Upande wa kwanza maneno, upande wa pili gitaa na ngoma. Mwenye gramafoni ilimbidi ainuke aigeuze, na huku miguu imeshapata moto.

Lakini katika dansi wimbo ule ule uliweza kwenda robo saa au zaidi, na sababu yake ni jambo liitwalo pakruok. Mtu huinuka, hutoa fedha, na muziki husimama. Hapo hujisifu, au humsifu rafiki yake, mkewe, ukoo wake au kijiji chake, kwa maneno ya kuchekesha na ya fahari, kisha mwimbaji hulitia jina lile ndani ya wimbo na magitaa yakaendelea. Msomaji wa pwani halihitaji kuelezwa mara mbili jambo hili, kwani ni ndugu wa tuzo yetu. Nani asiyemjua bibi anayeinuka katika taarab, noti mkononi, akamwendea mwimbaji kwa sababu beti ile imemgusa, na ukumbi mzima ukajua imemgusa wapi?

Studio haikuwa na nafasi ya pakruok. Ilikuwa na saa ukutani na bwana wa mitambo anayeonyesha kidole kwamba dakika zimekwisha. Ndiyo maana kanda iliyonaswa penye dansi si nakala mbovu ya santuri, kama wengi wanavyofikiri. Ni kitu kingine kabisa. Ndani yake mna bendi, na mna watu.

Mwaka jana, nikiwa Lambwe kwa mambo mengine, nilikaribishwa na mwalimu mstaafu mwenye kanda ya namna hiyo. Aliinasa mwenyewe kwa kinasa sauti kidogo cha betri, katika dansi ya sokoni, mwishoni mwa miaka ya 1970. Bendi ni ya vijana wa hapo hapo ambao hawakupata kuingia studio hata siku moja. Sauti inapanda na kushuka, mbwa anabweka, mtu anakohoa. Lakini katikati ya wimbo muziki unasimama, na majina yanaanza kutajwa.

Mwalimu alinifasiria moja moja. Huyu alikuwa fundi wa baiskeli. Huyu aliuza samaki. Huyu alikufa kwa malale. Huyu ni mamake fulani, mwenye duka pale njia panda. Nilimuuliza wangapi wako hai.

"Bwana mwandishi," akaniambia, "katika hao wote tumebaki wawili. Na mwenzangu hasikii tena."

Sikuwa na la kujibu. Picha za watu wale hazikuwahi kupigwa, wala majina yao hayamo katika kitabu chochote. Mahali pekee duniani ambapo wanatajwa kwa sifa ni katika ukanda mwembamba wa plastiki.

Adui wa kanda

Na ukanda huo unakufa. Yafaa tuelewe unavyokufa, maana wengi wetu tunazo kanda majumbani. Ukanda wa sauti ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa chuma kwa gundi. Sauti imo katika ule unga. Gundi ikivuta unyevu hulainika, ukanda ukanata kwenye kichwa cha mashine, na unga ukabanduka pamoja na wimbo. Mafundi wa ng'ambo hupasha kanda za studio zilizonata moto mdogo wa karibu nyuzi 50 kwa saa nyingi, ili zikauke kiasi cha kuweza kuchezwa na kunakiliwa. Zile za zamani zaidi, zilizotengenezwa kwa plastiki ya asetati, huanza kunuka siki, na harufu hiyo ni dalili kwamba plastiki yenyewe inaoza.

Lambwe kuna joto, vumbi na mchwa. Kwetu kuna chumvi ya bahari na ukungu. Basi tusijidanganye kwamba mlango ukishafungwa kwa kufuli mali iko salama. Hata waliojengewa maghala makubwa hawakusalimika: mwezi Juni 2008 moto uliunguza ghala la Universal huko Hollywood, na haikuwa mpaka mwaka 2019, gazeti la New York Times lilipoandika, ndipo watu wengi walipojua kwamba ndani yake mliteketea kanda za asili za waimbaji wakubwa.

Adui wa pili ana miguu miwili. Mwalimu wangu alikuwa pia na sanduku la santuri za benga, baadhi yake za bendi ambazo leo hakuna azikumbukaye. Alikuja mnunuzi, akamlipa shilingi mia chache kwa sanduku zima, akaondoka nalo. Hakuandika risiti, hakuacha nakala, wala hakuuliza hata jina la mpiga gitaa. Santuri za aina ile, zikifika ng'ambo, huuzwa moja moja kwa bei ambayo ingelisomesha mtoto muhula mzima. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lenyewe lilikwenda pamoja na mali.

Sisemi kwamba kila mgeni anayetafuta santuri za kale ni mwizi. Huo ungekuwa uongo na utovu wa shukrani. Nyimbo nyingi za taarab ya Mombasa za baina ya 1965 na 1975 zilikuwa zimeadimika mpaka pale Buda Musique ya Ufaransa ilipozitoa upya mwaka 2005 katika mfululizo wake uitwao Zanzibara. Kabla ya hapo, mwaka 1983, John Storm Roberts alikuwa amekwisha kukusanya nyimbo za Kiswahili zilizotoka katika chapa ya Mzuri ya duka la Assanand la Mombasa, akazitoa Marekani. Benga nayo ilipata kutolewa upya London katika miaka ya 1980 na baadaye. Watu hao waliandika majina, wakaeleza habari za waimbaji, wakaufanya ulimwengu usikilize. Sisi wenyewe, wakati huo, tulikuwa wapi? Tulikuwa tukiacha mbacha wetu kwa msala upitao.

Mafungu ya haki

Tatizo basi si kutoa upya. Tatizo ni kutoa bila ya kugawa. Tuliosoma chuoni tulifundishwa tangu utotoni kwamba amana hurudi kwa mwenyewe, na kwamba mirathi haigawanywi ovyo: deni la marehemu hulipwa kwanza, kisha kila mwenye fungu hupewa fungu lake. Kanda ya dansi ya Lambwe ina mafungu manne. Ukanda ni wa aliyeunasa. Utungo ni wa mtungaji. Sauti na vidole ni vya waimbaji na wapigaji. Na majina yaliyotajwa katika pakruok ni ya kijiji.

Sheria ya Kenya ya hakimiliki ya mwaka 2001 inayajua baadhi ya mafungu haya. Sauti iliyonaswa inalindwa kwa miaka 50, ikihesabiwa tangu mwisho wa mwaka iliponaswa. Utungo unalindwa kwa uhai wa mtungaji na miaka 50 baada ya kufa kwake. Tazama matokeo yake. Santuri iliyonaswa mwaka 1972 ulinzi wa sauti yake ulikwisha mwisho wa mwaka 2022. Lakini utungo wa Misiani, aliyefariki mwaka 2006, ni wa warithi wake mpaka mwisho wa mwaka 2056. Anayewaambia wajane na mayatima kwamba wimbo ni wa zamani na hauna mwenyewe, ama hajui sheria, ama anaijua vizuri mno.

Tena kila mwaka unaopita, santuri nyingine za miaka ile ya neema zinatoka katika ulinzi wa sauti. Dhahabu ya miaka ya 1970 inafunguliwa mlango moja moja, nasi tumelala. Asiyejua kwamba fungu la mtungaji bado lipo hatalidai, na fungu lisilodaiwa huliwa.

Wapo wasomaji wangu ambao hawasikilizi magitaa, na sababu zao nazijua na naziheshimu. Lakini hapa hatubishani juu ya kucheza dansi. Tunazungumza juu ya jasho la mtu. Jasho la mpiga gitaa wa Lambwe halipotezi haki yake kwa sababu mimi au wewe hatuupendi wimbo wake.

Tena jambo hili limo ndani ya nyumba zetu. Marehemu Juma Bhalo, aliyetutoka mwaka 2014, sehemu kubwa ya kazi yake imo katika kanda zilizonaswa harusini, zikanakiliwa, na nakala zikanakiliwa tena, kutoka Mombasa mpaka Lamu na mpaka Uarabuni. Mashairi mengi aliyoyaimba ni ya Ahmad Nassir, malenga wa Mvita. Nani mwenye kanda hizo za asili? Zimo makabatini, chini ya vitanda, juu ya madari. Mwenye kanda moja ya harusi ya shangazi yake haoni kwamba ana hazina. Anaona kwamba mashine ya kuichezea imeharibika.

Yaliyokwisha kufanywa, na yanayobaki

Haya ninayoyataka si ndoto. Hugh Tracey alipita Kenya mwaka 1950 na mwaka 1952 akinasa nyimbo za makabila mengi, Wajaluo wakiwamo. Sauti hizo ziliwekwa katika maktaba aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa iko Afrika Kusini, katika mji uliokuwa Grahamstown na leo ni Makhanda. Walioimba waliendelea na kulima. Mnamo mwaka 2014 maktaba ile, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, ilianza kurudisha nakala kwa wenyewe, ikatafuta waimbaji na jamaa zao kijiji kwa kijiji. Wengi walikuwa wamekwisha kufa. Wachache waliishi wakaisikia sauti yao ya ujana ikitoka katika mashine. Ketebul hao hao walikuwa wametoa mwaka 2008 kitabu pamoja na nyimbo na filamu juu ya historia ya benga, kazi iliyofanywa na watu wa hapa hapa.

Basi amana hurudishika. Ilichukua zaidi ya miaka 60, lakini ilirudi. Kinachotakiwa ni nia, daftari na mashine inayofanya kazi.

Ningependa kushauri mambo matatu. La kwanza, serikali za kaunti za Homa Bay na Migori, na vilevile zetu za Mombasa, Kilifi, Kwale, Lamu na Tana River, ziweke katika maktaba zao chumba kimoja chenye mashine ya kuchezea kanda na santuri, na kijana mmoja aliyefunzwa kunakili. Mwananchi alete kanda yake, inakiliwe mbele yake, aondoke nayo mkononi pamoja na nakala. Asiombwe kuiacha. Watu wetu wameacha vitu vingi katika afisi ambavyo havikurudi.

La pili, kila anayetaka kutoa upya sauti ya zamani, awe wa Nairobi au wa London, atimize mambo manne kabla ya kuuza: aandike majina ya waliopiga wote, si ya kiongozi wa bendi peke yake, alipe mrabaha wa mtungaji au warithi wake kwa hati, aeleze habari ya wimbo katika lugha ulioimbwa, na apeleke nakala mahali ulipozaliwa. Wimbo wa Lambwe usiwe unasikika Tokyo na hausikiki Lambwe.

La tatu linatuhusu wewe na mimi. Kabla ya Idi ijayo, wakati wa kusafisha nyumba, usitupe kanda. Iandike juu yake nani anaimba, wapi, mwaka gani, na harusi ya nani. Kama hujui, muulize mama yako leo, maana kesho si yako wala si yake. Kanda isiyo na jina ni kama kaburi lisilo na mashahidi: waliomo wanajulikana na Mola wao, lakini sisi tumewapoteza.

Yule mwalimu wa Lambwe alinikubalia tuinakili kanda yake kwa simu yangu, tukiwa tumekaa kimya na kuku wamefukuzwa uani. Haikuwa kazi ya kitaalamu, lakini sasa ziko mbili. Sharti lake lilikuwa moja tu: nisiipe kampuni yoyote mpaka majina yote yaandikwe. Alikuwa ameshaandika kumi na saba kwa mkono wake, katika daftari la shule, na alikuwa akiendelea. Mwenye kampuni anayeitaka kanda ile na aanze kwa kulisoma daftari hilo.